Mjukuu Wako Anavalisha Watu

Mama yangu,

Nimekaa na kalamu tangu tuliporudi kutoka kanisani, na sentensi ya kwanza imenishinda mara tatu. Basi nakupa habari kama nilivyopewa mimi, bila salamu wala maji ya kunywa. Mjukuu wako ameacha kazi ya ofisi ili avalishe watu.

Umesikia sawasawa. Watu wazima, wenye mikono yao miwili.

Huyu mjukuu hukumjua. Alizaliwa mwaka uliofuata ule tuliokuzika, nikampa jina lako, Taaka, na kwa kuwa ana jina lako namwita mama, hata ninapomgombeza. Ana miaka ishirini na minne. Nilimsomesha uhasibu kwa mshahara wangu wa ualimu hapa Lumino, nikiwa peke yangu, maana baba yake alivuka mpaka kwenda kutafuta maisha na nadhani bado anayatafuta. Alipopata meza katika ofisi moja ya kupitisha mizigo kule Malaba, nilisimama kanisani nikatoa ushuhuda. Meza, mama, na kiti kinachozunguka. Siku niliyomtembelea nilingoja atoke kidogo, nikakikalia kile kiti na kujizungusha mara mbili. Wewe uliyefanya biashara miaka yote kwa miguu ungenielewa.

Siku kumi zilizopita, Alhamisi, bosi wake alinipigia simu nikiwa darasa la tano. Alikuwa mpole, na upole wake ndio ulionitisha. Alisema Taaka hajaonekana kazini kwa wiki tatu. Aliaga kwa barua, lakini yeye kama mzazi anaona msichana amepotoshwa, kwa hiyo atamshikia ile meza mpaka Jumatatu saa sita mchana. Baada ya hapo ataingia mtu mwingine, maana wanaoitaka ni wengi. Nilimshukuru. Nikarudi ubaoni kumalizia neno nililokuwa nikiandika, na neno lenyewe sikulikumbuka. Watoto walinitazama mimi, mimi nikautazama ubao.

Baada ya vipindi nilimpigia Taaka. Nilitegemea akane, au alie. Hakukana.

"Mama, mimi sasa ni stailisti."

Nilimuuliza kama hicho ni cheo au ni ugonjwa. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Mtu ana jambo lake: anakwenda kujitambulisha ukweni, ameitwa intavyu, anahitimu, anabatiza mtoto. Anamwita Taaka. Taaka anamwangalia, anamuuliza maswali, kisha anadamkia soko la mitumba Busia siku belo zinapofunguliwa, anachagua gauni, viatu, mkanda, hata soksi, halafu anamfundisha mwenyewe kipi kivaliwe na kipi. Wanalipa jicho lake. Nguo ni zao, mwili ni wao, na bado wanamlipa mtu awaambie shati lipi lichomekewe na lipi libaki nje.

Nilipigwa na butwaa, mama, nikakaa kwenye ngazi ya darasa mbele ya watoto waliokuwa wakifagia. Kwetu anayevalishwa na mwenzake ni mtoto mchanga, bi harusi na maiti. Wengine wote tunajivalia.

Najua unacheka huko uliko. Unacheka kwa sababu ya Jumanne zetu.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikuwa tunatoka Lunyo alfajiri, tunavuka kwenda upande wa Kenya tukiwa wembamba, tunarudi saa nane tukiwa wanene. Nguo iliyo begani ilidaiwa ushuru, nguo iliyo mwilini haikuulizwa. Basi nyuma ya duka la yule mama aliyekuuzia, ulikuwa unanivalisha magauni matatu, kisha wewe unavaa matano, na kitenge juu ya yote. Wengine walivaa hovyo wakashikwa. Wewe ulipanga. Kitambaa kizito ndani, chepesi nje, na gauni lenye kola halikukaa kamwe chini ya lisilo na kola. La juu kabisa lilikuwa lako la siku zote, kuukuu lakini limepigwa pasi. "Nguo ya juu ndiyo inaongea na askari," ulisema. "Ya ndani inyamaze." Jasho lilinitiririka mpaka kwenye viatu. Kuna askari aliyekuuliza mtoto wako atazaliwa lini, maana anaona mimba inavuka kila Jumanne, nawe ukamjibu kwamba huyu ni mvivu, akiona askari anaogopa kutoka. Alicheka mpaka akasahau kazi yake, tukapita.

Halafu siku ya soko kule Masaba ulikuwa unauza kwa namna ambayo sijaiona kwa mfanyabiashara mwingine. Mwanamke ananyoosha mkono kwenye gauni jekundu, wewe unalivuta. Unamwangalia kuanzia kichwani hadi unyayoni, bila haraka, mpaka mimi naona aibu. "Hii si yako, mama. Ngoja. Yako bado nimeivaa." Unaingia nyumba ya jirani, unatoka umepungua gauni moja, na mwanamke akilivaa wenzake wananyamaza.

Kwa hiyo jicho la huyu mtoto halikuanguka kutoka mbinguni. Nililijua hilo hata kabla sijakata simu, na ndiyo maana hasira yangu ilizidi. Mimi na nguo zako tuna kesi, mama. Sijawahi kukuambia.

Mwaka wako wa mwisho, ule ugonjwa uliokuwa ukimaliza watu tuliuita slimu, kwa sababu ulikondesha. Mtu akikonda tu, watu walihama benchi lake kanisani. Nawe ukaanza kukonda, na ulijua watasema nini. Basi ukaanza kuvaa kama Jumanne siku zote saba. Petikoti juu ya petikoti, sweta chini ya gauni la gomesi, kitambaa kimekunjwa na kushonewa mabegani. Ulipanga vizuri mno. Nilikuwa nakaa nawe nyumba moja, nakula nawe sahani moja, na siku moja nilikuambia mama unazidi kunawiri. Nilikusifu, nawe ukanishukuru.

Siku tulipokuosha, shangazi alivua sweta. Akavua petikoti ya kwanza, na ya pili, na ya tatu. Mimi nilikuwa nimeshika beseni. Chini ya nguo zote hizo kilibaki kijimwili cha mtoto, na titi la kushoto lote lilikuwa kidonda. Haikuwa slimu hata kidogo. Lilikuwa jambo ambalo huenda daktari angelishughulikia mapema, kama angekuwapo mtu mmoja tu wa kuliona. Beseni lilinitoka mikononi. Nilimsikia shangazi akiniambia niliokote, na sikuweza kuinama.

Tangu siku ile, mtu akiniambia kwamba nguo humheshimisha mtu, namwona mwongo. Na sasa mtoto niliyempa jina lako ameamua kula kwa kazi hiyo hiyo. Kwa hiyo nilipomwambia habari za mshahara na pensheni nilikuwa nasema kweli, lakini sikuwa nasema yote.

Jumamosi nilipanda gari kwenda Tororo kumrudisha. Amepanga chumba nyuma ya duka la vipuri, ukisimama mlangoni unaliona lile jiwe kubwa la Tororo lote mpaka kileleni. Hotuba yangu nilikuwa nimeipanga kuanzia Busia. Nilisukuma pazia bila kupiga hodi, na hotuba ikafia hapo.

Juu ya kigoda, amevaa soksi bila viatu, alikuwa ameketi mwalimu mkuu wangu.

Mwalimu Wandera, mama. Kwa miaka kumi na moja nimemwona ndani ya koti moja la kahawia, ambalo watoto wa shule yetu wanalijua kuliko wimbo wa taifa. Sijui nani kati yetu alishtuka zaidi. Taaka alikuwa amemshikia shati la bluu chini ya kidevu, na hakulishusha. "Kahawia inakula uso yako, mwalimu," alikuwa akimwambia. "Hii inakurudisha." Na mtu huyu, ambaye hamwachi hata mkaguzi amalize sentensi, akamjibu binti yangu, "Sawa, mwalimu."

Nilitaka kuondoka. Yeye ndiye aliyenizuia. Alivaa viatu kwanza, kwa heshima, kisha akaniambia kwamba ameitwa intavyu ya ukaguzi wa shule, na kwamba hii ni mara ya tatu. Akatazama mlango kabla hajaendelea.

"Nabwire, mara mbili mimi nilienda, na mara mbili ile mtu wa mapokezi alinipatia fomu ya madereva. Nikiingia kwa chumba, mimi tayari nimekuwa dereva."

Ni mtu mwenye shahada mbili. Taaka akamletea koti la kijivu lililokuwa limepunguzwa mikono, akalivaa, akageuka, na mimi nikajikuta nimesimama wima. Sikukusudia. Miguu ilinisimamisha kama inavyofanya mkaguzi akiingia darasani. Aliliona hilo, naye akajinyoosha zaidi. Akaniomba nisimtaje katika chumba cha walimu, akatoka na lile koti la kahawia ndani ya mfuko, amelikumbatia kama jogoo wa kuuza.

Tukabaki wawili, nikaanza hotuba yangu kwa mbali. Nilimuuliza Tororo ina walimu wakuu wangapi, na wote wakishavalishwa atakula nini. Nilimkumbusha kwamba mwezi wa kwanza watu hutafuta karo, hawatafuti mashati. Nilimwambia kwamba kazi isiyo na kiti si kazi. Nilimwambia hata mambo ambayo mama hapaswi kumwambia binti yake kuhusu nani atamposa.

Hakujitetea, na hilo lilinisumbua. Alikubali kwamba Desemba, alipokuwa bado ofisini akiifanya kazi hii Jumamosi tu, simu hazikukatika, na Februari haikulia hata moja. Alikubali kwamba marafiki wanataka awavalishe bure kwa sababu kumtazama mtu, wanasema, hakuchoshi. Siku ambazo hakuna mteja anapindia watu suruali kwa cherehani ya kuazima.

"Sijui kama itanilisha mwaka mzima, mama. Kwa ofisi nilikuwa najua mshahara. Hapa najua kazi."

Nikamwambia habari ya Jumatatu saa sita, na upole wa bosi wake, na kwamba huo ni mlango ambao Mungu hafungui mara mbili. Nilipokuwa nasema niligundua kwamba hanitazami usoni. Tangu nilipoingia alikuwa akinitazama hapa katikati. Nikakasirika, nikamuuliza anatazama nini.

"Mama, umevaa petikoti ngapi?"

Nilimwambia moja. Akangoja, kama ninavyomngoja mwanafunzi anayejua jibu. Nikasema mbili. Bado akangoja.

Nikasema tatu. Na sweta, ndani ya blauzi, katika jua la Tororo.

Alikuja akapiga magoti mbele yangu, akapitisha vidole kwenye kiuno cha sketi. Akapata pini niliyopunguzia sketi. Akauliza ni ya lini, nikasema ya Pasaka. Akaipata ya pili, upande wa nyuma, akauliza na hii, na mimi sikujua. Naapa kwa jina lako, sikujua. Nilikuwa najiambia kwamba kitambaa hulegea kwa kufuliwa. Sketi ikishuka, naongeza kitu chini yake, nakwenda zangu shuleni. Maji nilikuwa nakunywa jagi zima nikisema ni jua, natoka nje kila mara nikisema ni umri. Mikono yangu ilikuwa ikifanya yale yale ya mikono yako, na mimi niliyeshika lile beseni sikuitambua. Kila mwaka nawaandikia watoto ubaoni, mficha maradhi kifo humuumbua, nawauliza maana yake, na anayekosea nampunguzia alama.

Simu ya bosi ilikuwa imenishtua, na mwalimu mkuu akanishtua zaidi, lakini hayo yalikuwa mchezo. Nilikaa kwenye kile kigoda. Mtoto alinivua sweta, akanipima kifua, kiuno, na mkono juu ya kiwiko, akaandika. Kisha akaleta daftari lake la zamani, kwa sababu alikuwa amenipima mwaka juzi akijifunza. Aliniwekea kurasa mbili kandokando. Mimi nasoma vizuri, mama, lakini nilimwomba anisomee.

Jumatatu asubuhi, badala ya mimi kumpeleka Malaba, yeye alinipeleka hospitali. Walinitoa damu, wakatuambia tungoje kwenye benchi. Hapo ndipo nilipomwambia habari zako. Alikuwa anajua tu kwamba nyanya yake aliugua akafa. Nilimweleza Jumanne, akacheka mpaka watu wakageuka. Nilimweleza mwaka wa mwisho, na kila petikoti. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza swali moja, bila ubaya wowote, kama anavyowauliza wateja wake.

"Nani alikuwa anakaa na yeye?"

"Mimi," nikamjibu.

Alinishika mkono juu ya kiwiko, pale pale alipokuwa amepima.

Saa sita mchana simu yangu ililia. Alikuwa bosi. Taaka aliliona jina akageuza uso kuelekea mlango wa maabara, na nikajua kwamba nikisema atarudi, atarudi. Hilo ndilo lililokuwa mkononi mwangu, mama, na yeye aliniachia. Nilimsalimia yule mzee, nikamshukuru kwa kumshikia mtoto meza. Kisha nikamwomba ampe mtu mwingine.

"Binti yangu ana kazi," nikamwambia.

Ni sukari. Daktari alisema nimefika ingali mapema, akanipa vidonge na orodha ndefu ya vitu vitamu ambavyo sasa ni adui zangu. Leo nimekwenda kanisani na sketi iliyopunguzwa sawasawa, ya kipimo changu cha sasa, bila kitu chini. Watu walinitazama. Mama mmoja wa kwaya aliniuliza kama naumwa, nikamwambia ndiyo, naumwa sukari, na anga halikuanguka.

Usidhani nimeokoka kabisa. Bado sijui kama kazi hii ina mwisho mwema. Nikiulizwa na mzazi mwenzangu leo kama amruhusu mtoto wake, nitamwambia amwache amalize masomo kwanza, ajue kupinda suruali, na Februari, simu zisipolia, asimtazame usoni. Mwalimu mkuu bado hajapata jibu la intavyu, lakini safari hii fomu aliyopewa ilikuwa ya wakaguzi. Usiku naamka na wasiwasi juu ya huyu mtoto. Lakini nimeona anachofanya kabla hajamvalisha mtu. Anamwangalia kwanza. Nilidhani mavazi yako ya mwaka ule wa mwisho na kazi yake ni kitu kimoja, na nilikosea.

Miaka ishirini na mitano nimekukasirikia kwa kunificha. Nilijisemea kwamba ulinidanganya, na hasira ilinifaa, kwa sababu ilinizuia kujiuliza nilikuwa natazama wapi. Ulikuwa hatua mbili kutoka kwangu kila asubuhi. Nisamehe, mama. Ungekuwa hai leo, ningekuvua ile sweta mimi mwenyewe, mchana kweupe, ukinipiga na kunitukana kwa Kisamia chote unachokijua, mpaka nikuone.

Pumzika salama.

Ni mimi binti yako, niliyekaa nawe nyumba moja,
Nabwire